Mshiko Tuliowafundisha Watu wa Kapteni

Tangu siku ile mliponiaga kwa keki na hotuba ndefu kuliko utumishi wangu wenyewe, hamjaacha kunisumbua: "Mama Zaituni, andika." Haya, naandika. Sitasema nilipandishwa cheo lini, wala nani alipandishwa kabla yangu kwa kumjua nani. Hayo mnayajua, na msiyoyajua mtayaona kwa macho yenu. Nitasema nilivyojifunza kuanguka, nani alinifundisha, na jambo moja ambalo sisi wawili tulilifunga moyoni kwa miaka mingi.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, ni mtu wa Tanga. Yeye ndiye aliyeipiga pasi lugha hii mnayoisoma. Lakini pale watu wanapozungumza nimemkataza asiguse, kwa sababu Kampala ya kambini haikusema Kitanga, na Sajini wangu angejisikia akinena kwa ufasaha kiasi hicho angejipigia saluti.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa stoo, kwenye kambi yetu ya polisi. Askari wa kike tulikuwa wachache kama nyama kwenye mchuzi wa kambini, na wakubwa hawakujua watufanyie nini. Wengine walipewa taipureta, wengine wakapewa kupekua akina mama kwenye vizuizi vya barabarani, mimi nikapewa buti. Kazi yangu ilikuwa kumwambia kuruta mwenye mguu wa namba kumi kwamba zimebaki namba nane. Baba yangu alikuwa koplo wa jeshi, Mwislamu wa Arua, na mama yangu Mkatoliki asiyekosa misa. Nyumbani kwetu tulifunga Ramadhani na Kwaresima zote mbili, na nadhani ndiyo maana nilikuwa mwembamba vile.

Wembamba huo ndio ulionitoa stoo. Asubuhi moja Sajini Owor alikuja dirishani pangu. Alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo, Mjapadhola kutoka upande wa Tororo, mfupi, shingo nene, na sauti ndogo mno. Wakufunzi wengine walipiga kelele mpaka kunguru wakahama, yeye alinong'ona, na makuruta walikaa kimya ili wasipitwe na neno.

"Wewe, uzito yako ngapi?" akaniuliza.

"Sijui, afande."

"Kuja. Mzungu anataka mtu mdogo."

Mzungu mwenyewe alikuwa Mwisraeli. Siku hizo Waisraeli walikuwa marafiki wa serikali. Walifundisha jeshi, walifundisha marubani, na mmoja wao aliazimwa kwetu afundishe askari kujikinga bila silaha. Alikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyeliweza. Kiswahili alikuwa na neno moja tu alilolipenda, "tena", kwa hiyo tukamwita Bwana Tena, naye akaitika. Ukikosea, tena. Ukipatia, tena.

Siku ile ya kwanza alikuwa amewapanga makuruta thelathini, wote wanaume, wote wakubwa. Akamchagua aliye mkubwa kuliko wote, akamwambia anikabe koo. Yule kijana alinitazama kwa haya, kisha akanikaba kama mtu anayeshika yai. Bwana Tena akamzaba kibao cha bega ili akabe kweli. Akakaba kweli. Niliona nyota mchana, na hapo Bwana Tena akanishika mikono miwili kama mwanasesere, akanionyesha: nyakua vidole gumba vyake, vuta chini, goti juu. Sikuelewa neno, lakini goti lilielewa. Kijana alikaa chini dakika kumi, na hakuna aliyenishika kama yai tangu siku hiyo.

Msidhani basi niliingia moja kwa moja kwenye kupiga. Wiki mbili nzima nilianguka tu. Magodoro yalikuwa ya sufi, yaliyotupwa na hospitali, na kila moja lilikuwa bado na namba ya wodi. Tulianguka nyuma, tukaanguka mbele, tukaanguka ubavu. Bana kidevu kifuani kichwa kisigonge. Piga chini kwa kiganja na mkono mzima kabla mgongo haujafika, ili mkono ubebe pigo. Toa pumzi. Ninyi mnaopenda kuwapeleka makuruta kwenye ngumi siku ya pili, niwaambie tena nilivyowaambia miaka yote: asiyejua kuanguka anaogopa kushikwa, na anayeogopa kushikwa hafundishiki. Sajini Owor alianguka pamoja nami, mtu mzima mwenye watoto shule ya sekondari, na kila akiinuka alisema kwa ile sauti yake, "Hii ni kazi ya mama mlevi." Lakini aliinuka akicheka.

Wakati wa chai ndipo tulipopata historia. Bwana Tena aliongea Kiingereza chake cha kuvunjavunja, Owor akatutafsiria. Alisema mchezo ule kwao unaitwa Krav Maga, maana yake ni mapigano ya kugusana, watu wawili wakiwa wamefikiana. Haukuanzia jeshini. Ulianzia kwenye mji mmoja wa Ulaya, kabla ya vita vikuu vya pili, kwa Myahudi mmoja aliyekuwa bingwa wa ndondi na mieleka, mwana wa afisa wa polisi. Wahuni waliowachukia Wayahudi walikuwa wakiingia kwenye mitaa yao na kupiga watu. Yule bingwa akatoka na wenzake kuwazuia, na alipofika barabarani akagundua kwamba medali zake hazimsaidii. Ulingoni kuna refa, kuna kengele, kuna mahali pa kutopiga. Barabarani hakuna. Basi akaanza kukusanya vitu vichache ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvifanya akiwa ameshtuka, na akawafundisha majirani zake. Baadaye alihamia nchi yao hiyo mpya, akawafundisha askari, na askari mmoja akamfundisha Bwana Tena.

"Kwa hivyo hii ni kitu ya majirani," Owor alisema alipomaliza kutafsiri. Nilimwona akilirudia jambo hilo kichwani, chai ikipoa mkononi.

Ndiyo maana haukuwa na kuinamiana wala mikanda ya rangi. Ulikuwa na ada moja tu, na ada hiyo Bwana Tena aliitia kwenye mifupa yetu. Ukimaliza kumwangusha mtu, usisimame kumtazama. Rudi hatua mbili, geuza kichwa kulia, geuza kushoto. Mhuni hatembei peke yake, mwenzake yuko wapi? Aliyesahau kugeuza kichwa alipigwa na mpira mgongoni kutoka upande aujuao Mungu. Baada ya miezi sita tuligeuza vichwa hata tukitoka msalani.

Kisha urafiki ukaisha. Rais alibadilisha marafiki, na Waisraeli wakapewa siku chache waondoke nchini. Bwana Tena alikuja uwanjani na shati la safari, akatupa mkono mmoja mmoja. Kwa Sajini Owor alikaa zaidi. Nilikuwa karibu, nikasikia, na kwa wakati huo Kiingereza changu kilikuwa kimeshapata miguu. Alimwambia, "Mfundishe yeyote. Ila usimfundishe mtu ambaye watu wanamkimbia." Owor akapiga saluti, ingawa yule hakuwa hata na kofia.

Wiki iliyofuata amri ikaja: kila kilichotoka kwa watu hao kitupwe. Daftari zetu zenye michoro zilichomwa moto nyuma ya jiko. Jina la mchezo lisitajwe. Aliyefundishwa nao na aendelee na kazi nyingine. Ningerudi kwenye buti zangu, na pengine leo msingenijua, lakini Owor alikwenda kwa mkuu wa kambi akamwambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba anaomba ruhusa kuanzisha judo.

Judo aliijua kutokana na picha moja kwenye gazeti kuukuu. Katika picha watu wawili wenye nguo nyeupe walikuwa wakiinamiana. Basi tukashona nguo nyeupe kwa magunia ya unga yaliyofuliwa, na kwa kuwa wino wa viwandani haufi, nusu ya makuruta walikuwa na maandishi "kilo tisini" makalioni. Tukajifunza kuinama. Tukajifunza kupiga ukelele kabla ya pigo, jambo ambalo Bwana Tena angelilaani. Baada ya kuinama na kupiga ukelele, tulifanya yale yale tuliyofundishwa. Niliposema naogopa, Owor alinijibu, "Gunia ni la judo. Nani anajua unga gani iko ndani?"

Alikuja anayejua. Siku ya makuruta kuhitimu, jeshi lilituma Kapteni mmoja awe mgeni. Jina lake silitaji, ana wajukuu, na wajukuu hawana kosa. Lakini ninyi mliozaliwa baadaye mjue tu kwamba alikuwa na kikosi kidogo cha watu wa miwani myeusi, wenye gari lisilo na namba, na gari hilo likisimama Nakivubo soko zima lilinyamaza. Waliotiwa kwenye buti ya gari lile ni wachache waliorudi.

Tuliinama vizuri siku hiyo. Tulipiga ukelele vizuri. Mimi nilikuwa mbele na kisu cha mti, kuruta akanirukia, nikamwangusha chini pu! Na hapo mwili wangu, bila kunitaka ruhusa, ukarudi hatua mbili, kichwa kikageuka kulia, kikageuka kushoto. Nyuma yangu makuruta ishirini wenye magunia wakafanya vile vile, vichwa vyote pamoja, kulia, kushoto. Wiki tatu Owor alikuwa ametukumbusha kuinama, na kuikataza miili yetu isigeuze vichwa hakukumbuka, wala mimi sikukumbuka. Judo gani ile inayotafuta mhuni wa pili?

Nilimtazama Kapteni pale kitini. Wallahi naapa, kichwa chake nacho kilikuwa kimegeuka. Kulia, kushoto. Kisha akatulia, akanitazama, na akatabasamu.

"Nani alifundisha nyinyi hii kitu?" akauliza.

Owor akatoka mstarini. "Mimi, afande."

"Ingia gari."

Akaingia. Mbele ya gwaride zima, na nguo yake ya gunia, Sajini Owor alifungua mlango mwenyewe akaingia, na gari likaondoka. Mkewe alikuja uwanjani jioni ile, akakaa kwenye magodoro yetu, nami nikakaa naye. Hatukulia. Kulia kulikuwa kama kukubali kwamba harudi.

Siku ya tatu alirudi kwa miguu yake, ndevu zimeota, hana hata mkwaruzo. Alimwona mkewe kwanza, kama ipasavyo, kisha akaja dirishani pangu stoo na kuniambia yote. Kapteni naye alikuwa mwanafunzi wa Waisraeli. Walifukuzwa kabla hajamaliza kozi. Alitaka amaliziwe, tena alitaka watu wake kumi na wawili wafundishwe namna ya kumshika mtu barabarani asitoke, upesi, bila risasi, bila kelele. Mara tatu kwa wiki, kwenye gereji yao. Alitakiwa aje na mtu mdogo wa kuonyeshea.

"Mtu mdogo ni mimi," nilisema.

"Nilisema hapana. Akasema basi atachukua bibi yangu." Alikaa kwenye kasha la buti. "Zaituni, sikia. Hii kitu ilitoka kwa watu walikuwa wanapigwa mtaani. Sasa mimi nafundisha wale wanapiga?"

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na nilitaka kuishi. Ukikataa unakufa, na mkeo nyuma yako. Ukikubali, kila mtu atakayekamatwa vizuri Kampala hii amekamatwa na mikono yako. Alinitazama viganja vyangu, kisha akaomba nimpe mkono. Akanishika kifundo, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Ukiogopa," akauliza, "mikono yako inakimbia wapi?"

Nikavuta mikono kifuani. Kila mtu hufanya hivyo. Mtoto mchanga hufanya hivyo. Na hapo mkono wangu ukatoka kwenye mshiko wake kama sabuni, kwa sababu alikuwa ameweka pengo, pale gumba linapokutana na vidole, likielekea kifuani pangu. Pengo ndilo mlango. Mnalijua hilo, nimewafundisha wote. Ukimshika mtu unaupeleka mlango mbali naye. Owor alikuwa ameupeleka kwangu.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Tutawapa hii."

Ndivyo ulivyozaliwa mshiko ule. Owor aliupamba kama bibi arusi. Kwanza, askari wawili wanamfuata mtu, mmoja kila upande. Wanamshika vifundo, mlango ndani. Kisha, kwa sababu Kapteni alipenda unadhifu, wanasimama wima na visigino pamoja kama kwenye gwaride, yaani mtu akiwasukuma kidogo wanayumba kama chupa. Mwisho wanapiga ukelele. Alimwambia Kapteni kwamba hilo ndilo somo la juu kabisa, ambalo Waisraeli waliwaficha Waafrika. Kapteni aliamini mara moja. Mtu akiambiwa amefichwa kitu, hata umpe kijiti atakiweka sandukuni.

Lakini mshiko wa uongo unahitaji mtu wa kushikwa, na huyo lazima asitoke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nawaambia, ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika utumishi. Mara tatu kwa wiki, miezi minne, wanaume kumi na wawili walinishika kwa mshiko ambao paka angetoka, nami nilitakiwa nipapatike, nivute nje badala ya ndani, nigugumie, nishindwe, kisha nianguke. Kila msuli uliofundishwa na Bwana Tena ulikuwa unataka kwenda kifuani. Nilikuwa nikiurudisha kama mbuzi anayelifuata shamba la jirani. Tukitoka hapo Owor alinisindikiza hadi Lubaga, nilikopanga chumba, na njiani alininunulia ndizi za kuchoma akinilaumu kwa sauti ndogo: "Leo umeanguka mapema. Yule Koplo alikuwa bado kushika." Nilimpenda mzee yule. Sijui kama niliwahi kumwambia. Katika kazi yetu watu huambiana "umeanguka vizuri", na inatosha.

Mwezi wa nne Kapteni akaja na shaka. Sijui aliipata wapi. Aliwaambia watu wake waondoe magodoro, wakayaondoa, ikabaki sakafu ya saruji yenye mafuta ya gari. Akamwita Koplo wake mkubwa na mwingine wa pili. Kisha akanijia uso kwa uso. Bastola ilikuwa mkononi mwake, imeelekea chini, kama mtu aliyeshika funguo.

"Leo hakuna mchezo," alisema. "Watashika wewe. Wewe toka. Toka kabisa. Ukitoka, mimi nakupa likizo."

Nilimtazama Owor. Alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, uso mkavu kama siku ile aliyoomba judo, lakini kidevu chake kilikuwa kimebanwa kifuani. Alikuwa anajiandaa kuanguka yeye.

Wakanishika. Milango yote miwili wazi. Niliiona, wanangu, kama unavyoona mlango wa nyumba yenu. Kuvuta kidogo tu, mikono kifuani, hatua mbili, na ningekuwa huru katikati ya gereji ile, na sisi wawili tungekuwa maiti, na kesho yake Kapteni angetafuta mtu wa kuwafundisha mshiko wa kweli. Nikavuta nje. Nikavuta kwa nguvu zangu zote kwa upande usio na mlango, nikapiga mateke, nikalia machozi ya kweli. Koplo akacheka, akaninyanyua, akanitupa.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ambao hadi leo bega hili linanikumbusha kila mvua ikikaribia. Ningeweza kuanguka vizuri. Hata kwenye saruji ningeweza, kiganja, mkono, pumzi. Lakini anayeanguka vizuri anaonekana ni fundi, na fundi aliyeshindwa kutoka anatia shaka. Kwa hiyo nikauacha mkono wangu ulipo. Nikaanguka kama mtu asiyewahi kufundishwa. Mtulinga ulivunjika nikiusikia.

Kapteni alipiga makofi. "Hii ni dawa," aliwaambia watu wake. "Hii ni dawa kabisa."

Owor alipiga saluti, akaniinua kwa upande usiovunjika, tukatoka. Tulipofika kona ya kwanza isiyo na mtu akasimama akauegemea ukuta wa mabati, akalia bila sauti, mtu mzima, akisema, "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe." Nilimwambia maumivu yale yangepona. Nilisema hivyo kwa kuwa nilitaka anyamaze, maana na mimi nilikuwa karibu kulia, na nikilia bega lilitikisika.

Masomo yaliisha baada ya hapo. Wahitimu wale kumi na wawili walitoka gerejini kwenda kazini, na Kapteni hakutuita tena. Mimi nilirudi stoo na mkono kwenye kitambaa, nikigawa buti kwa mkono mmoja.

Mngedhani tulijipongeza. Hapana. Ndiyo kwanza tulianza kuumwa. Gari lile liliendelea kusimama, watu waliendelea kupotea, na kila tukisikia jina, Owor alikuja dirishani pangu na swali lile lile: "Walimshika kwa mshiko gani?" Nani angetuambia? Aliyepotea hasemi. Pengine waliacha mshiko wetu siku ya kwanza wakaanza kutumia vitako vya bunduki kama zamani. Pengine mtu akishikwa na hofu huganda tu, hata mlango uwe wazi. Owor alikonda. Aliniambia siku moja kwamba labda tungekufa tu siku ile, ingekuwa usafi. Nilikasirika nikamfungia dirisha.

Sasa, hapo Lubaga nilikuwa na jirani, mwalimu wa hesabu, Mwalimu Kizito. Alikuwa Muganda mpole, wa salamu ndefu za asubuhi, lakini tangu siku waliponiona mlangoni na sare nyumba yake ilikuwa haisemi nami zaidi ya salamu. Sikuwalaumu. Jumamosi moja mchana mkewe alibisha kwangu, akauliza kama askari huwa tunapewa dawa ya vidonda. Nikachukua dawa nikaenda naye.

Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya kitanda. Magoti yalikuwa yamechunika, kiatu kimoja hakipo. Aliponiona alifumba macho.

"Nyabo," akaniambia, yaani mama kwa Kiganda, "kama umekuja kunitoa, nitoe. Mimi nimechoka."

Nikaanza kuosha goti. Baadaye akaanza kusimulia mwenyewe, kwa mkewe zaidi kuliko kwangu. Walimkuta kwenye barabara ya kushuka mjini. Watu wawili, miwani. Mmoja huku, mmoja huku. Mwingine alikuwa anafungua buti ya gari.

"Sasa wakapiga kelele, haa! Wakasimama hivi kama kwa palade. Mimi nikaogopa sana, nikavuta mikono hivi." Akavuta kifuani. "Nikaona mimi niko nje. Nikamsukuma huyu, akaanguka kwa huyu. Nikakimbia. Mungu alinifungulia, nyabo. Katonda yekka, Mungu peke yake."

"Amina," nilisema.

Nilimwomba anionyeshe walivyomshika. Akasita, kisha akachukua kifundo changu, vidole huku, gumba huku. Mlango ulikuwa ndani. Nilitaka kumwambia ni nani aliyeujenga mlango huo, na sikumwambia, kwa kuwa siri ile haikuwa yangu peke yangu. Tena watu wale wasingekiri hata kwa mateso kwamba mwalimu wa hesabu aliwaponyoka. Wangesema hawakumkuta. Kiburi chao kilitulinda kuliko ujanja wetu. Nilichofanya ni kuvaa sare yangu yote hadi kofia, na kupanda pamoja naye na familia yake lori la kwenda mpakani mwa Kenya. Kwenye kila kizuizi nilipunga mkono mzima, wakatupisha.

Jumatatu asubuhi nilikwenda uwanjani. Owor alikuwa peke yake akipiga vumbi magodoro. Nilimshika kifundo, mlango ndani. Alinitazama akidhani nina wazimu.

"Jirani yangu," nilisema. "Jumamosi. Walimshika hivi hivi, afande. Na ukelele juu."

Fimbo ya kupigia magodoro ikamponyoka.

"Akatoka?"

"Akatoka. Yuko Kenya."

"Wewe ulimwona? Kwa macho yako?"

"Nilimwosha magoti."

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Iko na watoto?"

"Watano, afande. Wa mwisho bado ananyonya."

Sajini Owor alinyanyua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akaanza kuwahesabu kwenye vidole, polepole, kidole kwa kidole, na alipofika gumba akafunga ngumi na kuibana kifuani.